Mafunzo kwa vitendo: Kibondo na Kasulu, darasa la mhandisi wa umeme

MHANDISI wa umeme hafundwi ubaoni peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, mwanafunzi hutoka darasani kila likizo ndefu kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita PT. Mwaka wa kwanza hufanya kazi za fundi mchundo, wa pili za fundi sanifu, na wa tatu hukaa karibu na mhandisi. Mwaka wa nne hufanya mradi wa utafiti.

Wengi hupenda kubaki Dar es Salaam, na si ajabu: viwanda viko huko, na ndugu wa kufikia wako huko. Hata hivyo, nyanda za juu za Kigoma zina mambo ambayo maabara ya Mlimani haiwezi kuyaonyesha.

Kwa miaka mingi mkoa huo haukuwa kwenye gridi ya taifa. Miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, hadi Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipoongoza tukio la kuyazima. Umeme wa gridi uliletwa kutoka Nyakanazi, mkoani Kagera, kwa njia ya msongo wa kilovolti 33. Kwa barabara, kutoka Nyakanazi hadi Kasulu ni zaidi ya kilomita 200.

Kwa mwanafunzi, badiliko hilo ni somo zima. Jenereta inayoendesha mji peke yake hulemewa matumizi yanapopanda ghafla. Mwendo wake hupungua, na mizunguko ya umeme hushuka chini ya 50 kwa sekunde mpaka injini iongezewe mafuta. Gridi kubwa haitikisiki kwa mzigo wa mji mmoja. Tatizo huhamia kwenye urefu wa waya, kwani kadiri waya unavyokuwa mrefu na mzigo mkubwa, ndivyo msongo unavyopungua mwishoni mwa njia.

Hesabu yake ni nyepesi. Megawati 3 zikipitishwa kwa kilovolti 33 huhitaji mkondo wa karibu ampea 58. Kwa kilovolti 11 zingehitaji ampea 175, na upotevu wa umeme kwenye waya uleule ungekuwa mara tisa. Ndiyo maana mradi wa njia ya kilovolti 400 kutoka Nyakanazi hadi Kigoma una maana kubwa kwa wakazi wa huko.

Anayeumia ni mwenye mashine ya kusaga. Msongo unaposhuka, taa hufifia tu, lakini mota yenye mzigo huvuta mkondo mkubwa zaidi, hupata moto, na nyaya zake za ndani huungua. Mwanafunzi anayepima msongo jioni, saa watu wanapopika na kuwasha taa, siku baada ya siku, anafanya utafiti wenye faida kuliko michoro mingi niliyowahi kuonyeshwa.

Ipo pia kazi ya umeme wa jua. Chini ya mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, uliosainiwa mwaka 2008, mpango wa kuzalisha umeme katika mto Malagarasi uliachwa kwa sababu za mazingira, na badala yake mitambo ya jua ikafungwa katika shule za sekondari, zahanati na vituo vya afya mkoani Kigoma. Paneli hudumu miaka 20 na zaidi, ila betri za risasi huchoka mapema mno. Nani hupima betri hizo, kwa kifaa gani, na fedha za kununua nyingine hutoka wapi? Haya ni maswali ya kihandisi, ingawa vitabu huyataja kwa haraka.

Kikwazo kimoja ni kalenda. Likizo ndefu huangukia kiangazi, ilhali radi zinazopiga nguzo na transfoma huja na mvua, wakati mwanafunzi amekwisha rudi chuoni. Lakini hata kiangazi kina kipimo chake: udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, hivyo waya wa ardhi wa transfoma ukipimwa Agosti huonyesha hali yake mbaya kuliko zote. Unaofaulu mwezi huo utakuwa tayari mvua za Novemba zikianza.