Hopsi za kuipa harufu bia ya nyumbani: jinsi ya kuchagua

Katikati ya jiji la Stockholm ipo bustani ya Humlegården, jina lenye maana ya bustani ya hopsi. Katika karne ya 17 mmea huo ulikuzwa hapo kwa matumizi ya kifalme. Sheria ya Uswidi ya mwaka 1442 ilimlazimu mkulima kuwa na miti 40 ya kutambalia hopsi, na wajibu wa namna hiyo ulifutwa mwaka 1860. Hivi leo sheria inamruhusu mkazi wa Uswidi kutengeneza bia nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, lakini kunereka pombe kali nyumbani ni marufuku.

Uchungu na harufu

Aliyekulia Kilimanjaro anajua kwamba mbege hutiwa gome la msesewe ili ipate uchungu. Hopsi hufanya kazi hiyo pia, iwapo maua yake yatachemshwa. Yakitiwa katika bia iliyokwisha poa na kuchachuka, uchungu huongezeka kidogo tu, ilhali mafuta yenye harufu hubaki, kwa kuwa hayakufukuzwa na mvuke.

Kwa hiyo, kiwango cha asidi za uchungu kilichoandikwa kwenye pakiti si kigezo cha uchaguzi hapa. Kinachotazamwa ni harufu na ubichi wa hopsi.

Aina na bia zake

Cascade, iliyoanza kutolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1972, hunukia balungi na maua. Citra, nayo ya Marekani, hukumbusha embe na ndimu. Zote mbili hufaa bia nyepesi za rangi ya dhahabu.

Saaz ya Ucheki ina harufu ya upole ya majani na viungo, nayo hupatana na bia za lager. East Kent Goldings ya Uingereza hufaa bia za rangi ya kahawia, ambazo ladha ya kimea haipaswi kufunikwa.

Anayeanza ni vyema atumie aina moja kwanza, ili aijue kabla ya kuichanganya na nyingine. Gramu 3 kwa lita, yaani gramu 60 kwa lita 20, zinatosha. Siku tatu hadi tano zinatosha pia; zikizidi sana, bia huweza kupata ladha ya nyasi.

Hopsi zenye harufu ya jibini lililovunda zimeharibika, hata kama aina yake ni maarufu. Zilizosalia zifungwe pasipo hewa na kuwekwa kwenye friza.

Tahadhari

Hopsi zina vimeng'enya vinavyogeuza masalia ya wanga kuwa sukari. Hamira huila sukari hiyo na kutoa gesi upya. Bia ikitiwa chupani mapema, chupa huweza kupasuka na kumjeruhi mtu. Baada ya kutia hopsi, bia ipimwe kwa kipimo cha sukari mara mbili, kwa kupitisha siku mbili au tatu. Isitiwe chupani mpaka vipimo vyote viwili vilingane.

Aidha, makapi ya hopsi ni sumu kwa mbwa. Yasitupwe mahali wanyama hao wanapoweza kuyafikia.