Jina Lipo, Halionekani: Faharasa kutoka Geneva hadi Gisenyi

Katikati ya Julai 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakielekea mwisho na serikali iliyoyaendesha ikikimbia, Wanyarwanda wapatao 850,000 walivuka mpaka kutoka Gisenyi kuingia Goma kwa siku chache tu. Watoto wengi walipotezana na wazazi katika msongamano ule. Wengine walifiwa kipindupindu kilipozuka makambini. Kwa miaka iliyofuata, watoto zaidi ya 100,000 waliandikishwa Rwanda na nchi jirani kuwa hawana mzazi karibu. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, UNHCR, UNICEF na Save the Children waliwaandikisha katika kambi za Katale, Kibumba, Mugunga na kwingineko. Jibu la mzazi aliyemtafuta mwanawe lilikuwemo ndani ya rekodi hizo, lakini lilikuwa limetawanyika.

Kazi hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Agosti 1914 Msalaba Mwekundu ulifungua Geneva shirika la kutafuta wafungwa wa vita, lililokusanya kadi milioni 7 hivi. Kadi ya ombi la familia na kadi ya taarifa ya mfungwa ziliwekwa kwenye faharasa moja. Zikikutana, familia ilipata habari. Kikwazo kilikuwa tahajia, kwa kuwa jina moja liliandikwa kwa namna nyingi.

Mwaka 1918 Robert Russell wa Marekani alipata hataza ya kupanga majina kwa sauti, mbinu iliyozaa Soundex: herufi ya kwanza hubaki, konsonanti zinazofuata hugeuzwa tarakimu. Ipeleke Gisenyi uone inavyokwama. Kinyarwanda hakitenganishi r na l kama Kiingereza kinavyofanya, hivyo karani mgeni anaweza kuandika Rukundo au Lukundo. Soundex huipa tahajia ya kwanza R253 na ya pili L253, na anayetafuta kwenye R hatamwona mtoto aliyeko kwenye L. Isitoshe, kwa desturi kila mtoto wa Rwanda hupewa jina lake mwenyewe, si la ukoo. Kwa hiyo kichujio cha jina la ukoo kitawatenga ndugu wa tumbo moja. Vivyo hivyo, ukidai umri wa miaka 6 kamili, utampoteza aliyekadiriwa kuwa na miaka 5.

Kompyuta zilirithi mitego hiyo. Edgar Codd alieleza muundo wa majedwali mwaka 1970, na Bayer na McCreight wakachapisha mti wa B, faharasa inayotumika hadi leo, mwaka 1972. Dynamo ya Amazon mwaka 2007 na Spanner ya Google mwaka 2012 zilionyesha jinsi ya kugawa data kwenye seva nyingi. Swali lisilotaja ufunguo wa mgawanyo, yaani sehemu ya rekodi inayoamua iwekwe seva ipi, hulazimika kuzunguka seva zote. Kila seva ikirudisha rekodi 10 za kwanza kisha ndipo kichujio kitumike, rekodi sahihi ya 11 hupotea. Seva iliyochelewa kupata nakala hujibu kwa habari za jana.

Fundi makini huanza na rekodi moja anayojua ipo. Huitafuta kwa namba yake katika kila seva, kisha huondoa vichujio kimojakimoja mpaka ionekane. Hukagua mpango wa utekelezaji wa swali aone kama faharasa imetumika, na huhakikisha jina linasawazishwa kwa kanuni ileile wakati wa kuandika na wakati wa kutafuta.

Nchini Rwanda watu walilegeza vichujio kwa mikono yao. Picha za maelfu ya watoto zilibandikwa ili mzazi atambue sura pale tahajia ilipokwama, na redio ya BBC Gahuzamiryango, iliyoanza 1994, ikasoma majina hewani. Hapo kumbukumbu za wanakijiji zilikuwa faharasa ambayo hakuna ofisi iliyokuwa nayo. Ndiyo maana anayejenga kanzidata za watu katika ukanda wetu, za wagonjwa, wanafunzi au wakimbizi, anapaswa kuanza na jinsi wenyewe wanavyopeana na kutamka majina. Skrini ikisema hakuna matokeo, wajibu wake wa kwanza ni kulishuku swali lenyewe, kabla ya kumwambia mama kwamba mwanawe hayumo.