Mimbari ya Al-Aqsa: Kazi ya Seremala Isiyo na Msumari

Kila tunapomtaja Salahuddin Al-Ayyubi madrasani, watoto huuliza habari za mapanga na farasi. Sisi tungependa waulize pia habari za maseremala wa Halab, kule Sham.

Mwaka 564 Hijria (1168-69), Sultani Nuruddin Zangi aliwaamuru wachonge mimbari ya Msikiti wa Al-Aqsa, ilhali Baytul Maqdis ilikuwa mikononi mwa Wasalibi tangu mwaka 1099. Alifariki mwaka 1174 bila ya kuiona mahali pake. Salahuddin alipoukomboa mji mwaka 1187 ndipo alipoagiza iletwe.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Ubavuni mwake hapakuwa na ubao mmoja mpana. Palikuwa na vipande vidogo vidogo vya mbao, vyenye umbo la nyota na pembe nyingi, kila kimoja kimetiwa nakshi peke yake, kisha vikashikanishwa kwa ulimi na mfuo. Hakuna msumari wala gundi. Mbao hutanuka kwa unyevu na husinyaa kwa ukavu (mwenye kabati la mbao nyumbani analijua hilo kila masika). Ubao mpana ungepasuka, lakini hapa kila kipande kina nafasi yake. Mafundi waliandika majina yao juu yake, akiwemo Salman bin Maali. Ilikuwa haki yao.

Tarehe 21 Agosti 1969 raia wa Australia, Denis Michael Rohan, aliutia moto msikiti. Mimbari ikateketea, yakabaki mabaki tu.

Mfalme Hussein wa Jordan alipotaka itengenezwe nyingine mfano wa ile, ukadhihirika msiba wa pili. Picha zilikuwepo, lakini hesabu ya nakshi zile ilikuwa imepotea pamoja na wenyewe. Ukikosea pembe ya nyota moja kidogo tu, kosa hukua kwenye nyota inayofuata, na mwisho ubavu mzima haufungi. Mhandisi Minwer al-Meheid alizichunguza picha na kuchora upya mpaka akaupata mpango wake. Kisha mafundi wa Jordan, Palestina, Misri, Uturuki na Indonesia wakaichonga nchini Jordan, vipande zaidi ya 16,000, na vile vile bila ya msumari.

Ilisimamishwa Al-Aqsa mwaka 2007. Mabaki ya ile ya Halab yamehifadhiwa katika makumbusho ya Kiislamu, ndani ya eneo hilo hilo la Haram.