Kulazimika: Neno Moja na Historia ya Risasi za Polisi

Miongoni mwa maneno ambayo sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kuyachunguza pamoja na wanafunzi wetu ni kitenzi kulazimika. Ni neno la kila siku, wala halimsumbui mtoto wa darasa la nne. Mtu hulazimika kufanya jambo pale ambapo hakubakiwa na njia nyingine. Lakini hebu tulitazame katika sentensi ambayo redio na magazeti yametuzoesha kiasi kwamba haitushtui tena: "Polisi walilazimika kufyatua risasi."

Mwanasarufi atagundua mara moja kilichofanyika hapa. Kama mwandishi angetumia kauli ya kutendwa, yaani "polisi walilazimishwa", msomaji angeuliza papo hapo: walilazimishwa na nani, tena kwa lipi? Kauli ya kutendeka haimwamshi muuliza swali. Inaeleza hali tu, kama vile chungu kilivyovunjika au mlango ulivyofunguka. Basi watu wamekufa, na sentensi imekwisha.

Madhumuni ya insha hii ni kuliuliza swali ambalo sentensi hiyo inalificha: ni wakati gani askari polisi, aliyepewa bunduki na umma ili aulinde umma huo huo, ana haki ya kumwua mtu? Nimechagua kulifuata swali hili katika historia ya Afrika ya Kusini, kwa sababu huko lilijibiwa vibaya kwa muda mrefu, kisha likajibiwa vizuri mahakamani, na hata baada ya jibu hilo zuri damu ikamwagika tena.

Tuanze na Sharpeville, kitongoji cha Waafrika karibu na mji wa Vereeniging, kusini ya Johannesburg. Tarehe 21 Machi 1960, maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi cha hapo. Walikuwa wameitikia wito wa chama cha PAC kilichoongozwa na Robert Sobukwe: waache pasi zao nyumbani, wajipeleke kituoni, na wakubali kukamatwa. Pasi ni kile ambacho jirani zao wa Kenya walikijua kwa jina la kipande. Msomaji atakumbuka kwamba hata Nairobi, tarehe 16 Machi 1922, umati uliodai kufunguliwa kwa Harry Thuku, mpinzani wa kipande na kodi, ulipigwa risasi mbele ya kituo cha polisi. Serikali ilihesabu maiti 21, ilhali wengine walitaja zaidi ya 50. Cheti hicho cha kumzuia mtu kutembea katika nchi yake kimekuwa na historia ya damu mahali pengi.

Huko Sharpeville polisi waliletewa msaada wa askari wengine na magari ya deraya, na ndege za kijeshi ziliruka chini chini juu ya umati. Uzio wa waya uliwatenga watu na askari. Baada ya saa saba mchana palitokea msukosuko karibu na lango, watu wa nyuma wakasogea mbele ili waone kuna nini, na risasi zikaanza. Kwa hesabu iliyotolewa wakati ule watu 69 waliuawa na wapatao 180 walijeruhiwa, na watafiti wa miaka ya karibuni wanaamini kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Wengi wa waliopigwa walipigwa mgongoni.

Hilo la mwisho ndilo la kutafakariwa. Serikali ilidai kwamba askari walikuwa wakijitetea. Lakini mgongo ni shahidi asiyesema uongo. Anayekupa mgongo anakukimbia, na anayekukimbia hawezi kuwa anakushambulia katika dakika ile ile.

Haki inatutaka tuusikilize upande wa pili pia. Askari wale hawakuwa watu wasio na hofu. Miezi miwili tu kabla, tarehe 24 Januari 1960, polisi 9 waliuawa na umati wenye hasira huko Cato Manor, karibu na Durban. Yamkini kila askari aliyesimama nyuma ya uzio wa Sharpeville alikuwa akiliwaza tukio hilo. Je, hofu yake haikuwa ya kweli? Ilikuwa ya kweli. Lakini hofu ni jambo moja na hatari ni jambo jingine. Watu wa Sharpeville hawakuwa watu wa Cato Manor, wala hawakupaswa kulipa deni ambalo si lao. Kinachoweza kuhalalisha risasi ni hatari iliyopo mbele ya macho sasa hivi, inayotoka kwa mtu huyu, siyo kumbukumbu ya ubaya uliotendwa na wengine mahali pengine. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 1998, iliona kwamba polisi walifyatua risasi kwa makusudi dhidi ya umati usio na silaha uliokusanyika kwa amani.

Na je, nani aliulizwa wakati ule? Mwaka 1961 Bunge la makaburu lilipitisha sheria ya kinga, nayo ikarudishwa nyuma hadi tarehe ile ile ya 21 Machi 1960, ili waliotumwa na serikali wasishtakiwe wala kudaiwa fidia kwa waliyoyatenda katika machafuko. Hivyo majeruhi na wafiwa walifungiwa mlango wa mahakama. Tazama jinsi neno letu linavyofanya kazi. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba alilazimika hana sababu ya kumwogopa hakimu, kwani atamweleza alivyolazimika. Serikali inayomficha mtu huyo asifike mbele ya hakimu imekwisha kukiri kwamba maelezo hayo hayatoshi.

Miaka 25 ilipita. Tarehe hiyo hiyo ya 21 Machi, mwaka 1985, watu wa kitongoji cha Langa, mjini Uitenhage, walikuwa njiani kuelekea mazikoni. Polisi wakawazuia barabarani, kisha wakawapiga risasi, na watu 20 wakafa kwa hesabu rasmi. Tume iliyoongozwa na Jaji Kannemeyer ilipochunguza ilikuta jambo la kutia uchungu: askari wa doria siku ile hawakuwa na mabomu ya machozi wala risasi za mpira. Hawakuwa wamevisahau vitu hivyo. Walipelekwa kazini bila ya kuwa navyo, kwa maagizo ya wakubwa, huku wakiwa na risasi za kuua.

Mfano huu unatufundisha kwamba ulazima unaweza kutengenezwa. Ukimpeleka mtu msituni na shoka tu, usishangae akirudi na miti iliyokatwa. Askari wa Langa huenda kweli hakuwa na njia nyingine katika dakika ile, lakini njia hizo aliondolewa asubuhi, na mkubwa aliyeketi ofisini. Kwa hiyo anayechunguza kifo hatakiwi kuanza pale risasi ilipotoka. Aanze pale mipango ilipopangwa.

Hadi hapa tumezungumzia umati. Lakini wapo pia wanaouawa mmoja mmoja, usiku, bila ya kupigwa picha, na juu yao sheria ilikuwa na neno lake. Kifungu cha 49 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Afrika ya Kusini ya mwaka 1977 kilisema kwamba mtu akituhumiwa kwa kosa lolote lililomo katika orodha fulani, naye akikimbia, na ikawa hapana njia ya kumkamata ila kumwua, basi kuuawa kwake ni kwa halali. Katika orodha hiyo yalikuwamo mauaji na ubakaji, lakini wizi nao ulikuwamo. Kwa maneno mengine, mtu ambaye mahakama ingemfunga miezi michache aliweza kuuawa uchochoroni kwa sababu tu ya kuwa na mbio kuliko askari.

Desturi hii ilirithiwa kutoka Uingereza ya kale, ambako makosa makubwa karibu yote yaliadhibiwa kwa kifo, hata ikaonekana kwamba mkimbizi aliyeuawa ameharakishiwa tu alichostahili. Adhabu zikabadilika, desturi ikabaki. Nchini Marekani ilidumu mpaka mwaka 1985, Mahakama Kuu ilipoamua shauri la kijana wa miaka 15 aliyepigwa risasi ya kisogo mjini Memphis mwaka 1974, akiruka uzio, baada ya kuiba mkoba na dola 10. Mahakama ilisema kwamba si halali kumwua mtuhumiwa anayekimbia ikiwa hakuna sababu ya kuamini kwamba ni hatari kwa maisha ya watu.

Afrika ya Kusini ilifika hapo mwaka 2002, Mahakama ya Katiba ilipokitangua kifungu kidogo kilichoruhusu mauaji hayo. Hukumu iliandikwa na Jaji Kriegler, na hoja yake inafaa kufundishwa hata katika shule zetu. Alieleza kwamba lengo la kumkamata mtu ni kumfikisha mahakamani. Kukamata si adhabu, na askari si hakimu. Basi kumpiga risasi mtu ili kumkamata kunaruhusiwa pale tu anapotishia kumdhuru vibaya askari au mtu mwingine, au anapotuhumiwa kwa sababu za msingi kwamba ametenda kosa la kudhuru vibaya mwili wa mtu, na pasiwepo njia nyingine ya kumkamata, ama wakati ule au baadaye.

Naomba msomaji asiyapite upesi maneno hayo mawili, "au baadaye". Mwizi aliyekimbia leo aweza kukamatwa kesho kwake, au wiki ijayo sokoni. Aliyekufa hakamatiki tena, wala hahojiwi, na ikibainika kwamba siye, haombwi radhi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, damu je?

Hoja hiyo haikuwa ya nchi moja. Umoja wa Mataifa ulikuwa umepitisha kanuni za mwenendo wa maofisa wa sheria mwaka 1979, na mwaka 1990, katika mkutano uliofanyika Havana, zikakubaliwa kanuni za msingi kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto. Kiini chake ni chepesi kueleza. Bunduki hutumika kuzuia hatari iliyo karibu ya kifo au jeraha baya, pale njia nyingine zisipotosha. Na kuua kwa makusudi kunaruhusiwa pale tu ambapo haiwezekani kabisa kuokoa uhai kwa namna nyingine. Mali haimo. Heshima ya serikali haimo. Kukusanyika bila kibali, peke yake, hakumo.

Je, kanuni zikiwa nzuri kiasi hiki, mambo hayajaisha? La hasha! Tarehe 16 Agosti 2012, polisi wa Afrika ya Kusini huru, yenye katiba ambayo Nelson Mandela aliitia sahihi pale pale Sharpeville mwaka 1996, waliwaua wachimba migodi 34 waliogoma huko Marikana. Hapa tena hofu ilikuwa na sababu: katika siku zilizotangulia watu 10 walikuwa wamekufa, wakiwamo polisi 2 na walinzi 2 wa kampuni, na baadhi ya wagomaji walikuwa na silaha za jadi. Lakini Tume ya Jaji Farlam, ambayo ripoti yake ilitangazwa mwaka 2015, iliona kwamba mpango wa siku ile haukupasa kutekelezwa. Tena ushahidi ulionyesha kwamba asubuhi, kabla ya risasi kulia, polisi walikuwa wameagiza magari manne ya kubebea maiti. Anayeagiza gari la maiti asubuhi atasemaje jioni kwamba alilazimika?

Katika safari hii tumepata maswali manne ambayo mtu yeyote, hata asiyejua sheria, anaweza kuyauliza kila anapoisikia sentensi ile ya redioni. Je, uhai wa nani ulikuwa hatarini katika dakika ile? Je, hapakuwa na njia nyingine, wakati ule au baadaye? Kama haikuwapo, ni nani aliyeiondoa? Na je, aliyefyatua na aliyemtuma watalieleza jambo hili mbele ya mtu asiyekuwa wa kundi lao? Zikipatikana majibu ya kuridhisha kwa yote manne, tukubali kwa huzuni kwamba askari alilazimika. Wapo askari wa namna hiyo, waliookoa watu wasiwe maiti, nao hawana sababu ya kuyachukia maswali haya, kwa kuwa ndiyo yanayowatenga na wauaji.

Sisi walimu hatuna mamlaka juu ya bunduki ya mtu. Tulicho nacho ni lugha. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "nani alimlazimisha nani?" anapochambua sentensi ubaoni, atauliza hivyo hivyo akiwa mwandishi wa habari, hakimu, mbunge, au akiwa yeye mwenyewe askari amevaa sare. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Tusikubali neno laini lifunike uchungu huo mpaka tumeujua ukweli wake.