Kabla ya kung'olewa jino, mgonjwa ana haki ya kuelezwa

MKAZI wa Chekalini akisema anakwenda kwa daktari wa meno, aghalabu jirani huelewa jambo moja tu: anakwenda kung'olewa jino. Kuziba, kusafisha na kutibu mzizi ni maneno ambayo wengi huyasikia mara ya kwanza wakiwa tayari wamelala kwenye kiti, kinywa wazi, wala hawana nafasi ya kuuliza swali.

Chekalini ni wadi ya eneobunge la Lugari, kaunti ya Kakamega, katika ukanda wa mahindi na miwa. Familia nyingi zilihamia Lugari kutoka pembe mbalimbali za Uluhyani baada ya uhuru, mashamba ya walowezi wa Kizungu yalipogawanywa. Ndiyo maana katika foleni moja ya zahanati utawakuta Mmaragoli, Mbukusu na Mkabras, kila mmoja na lugha ya kwao. Kiswahili huwaunganisha, lakini bibi aliyezeeka huenda asielewe maelezo ya haraka yaliyochanganywa na Kiingereza cha chuoni. Atatikisa kichwa kwa heshima, na kutikisa huko kutachukuliwa kuwa idhini.

Sheria ya Kenya hairidhiki na kutikisa kichwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, humtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila njia, pamoja na haki yake ya kukataa. Panapowezekana, maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoifahamu mgonjwa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Kifungu cha 9 kinahusu idhini yenyewe. Kabla ya hapo, Wizara ya Afya ilikuwa imetoa Mkataba wa Haki za Wagonjwa mwaka 2013, nayo Katiba ya 2010 inataja haki ya afya katika ibara ya 43.

Kwa nini maelezo yawe na uzito kiasi hicho kwa jambo dogo kama jino? Jibu limo katika namna jino linavyooza. Bakteria walio kwenye ukoga hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi huyeyusha gamba gumu la nje. Katika hatua hii hakuna maumivu. Tundu likifika kwenye tabaka la ndani, maji baridi na vitu vitamu huanza kuuma, na bado jino huweza kuzibwa kwa ziara moja. Likifika kwenye kiini chenye neva na mishipa ya damu, kuziba pekee hakufai tena. Hubaki kutibu mzizi au kung'oa. Mgonjwa asiyejua mpangilio huu husubiri maumivu, na maumivu makali ya usiku mara nyingi huja wakati njia rahisi imekwisha pita.

Hapo ndipo daktari mwema hutofautiana na fundi wa koleo. Atachukua kioo, amwonyeshe mgonjwa tundu lenyewe, au amchoree jino kwenye karatasi. Atamwambia kwamba kutibu mzizi kwaweza kuhitaji ziara kadhaa, kwamba gego lililotibiwa hivyo mara nyingi huhitaji kuvikwa kofia ili lisipasuke, na kwamba ada ya yote hayo ni kubwa kuliko ya kung'oa. Vilevile atamweleza kwamba pengo likiachwa, meno ya jirani huweza kuinama na lile la upande wa pili likashuka au kupanda kulifuata.

Mtu anayepaswa kulipa nauli ya kwenda na kurudi Kakamega au Eldoret mara tatu anaweza, baada ya kuyasikia hayo, kuamua jino ling'olewe. Huo si ujinga. Ni uamuzi wake, mradi aufanye akijua. Mwandishi wa makala haya aling'olewa gego akiwa kijana katika mji ambao hautatajwa, na hadi leo hajui kama lingeweza kuzibwa. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Madhara ya kutoelezwa huonekana zaidi kwa watoto. Gego la kwanza la kudumu huota karibu na umri wa miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni, litabadilika, kwa hiyo likitoboka hawajali. Halibadiliki. Daktari wa familia, yaani yule anayemhudumia nyanya, mama na mtoto na kuweka kumbukumbu zao, hulionyesha gego hilo kwa mzazi siku linapochomoza. Pia humwonyesha kiasi cha dawa ya meno yenye floraidi: upako mwembamba kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kiasi cha punje ya njegere kuanzia miaka mitatu hadi sita.

Njia moja ya kupima kama mgonjwa ameelewa ni kumwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya akifika nyumbani. Swali la "umeelewa?" halisaidii, kwani kila mtu hujibu ndiyo. Aliyeng'olewa jino aweze kusema kwamba atauma pamba kwa takriban nusu saa, hatasukutua wala kuvuta sigara siku hiyo, na kesho yake ataanza kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mzazi aweze kusema kwamba atamchunga mtoto asijing'ate mdomo hadi ganzi iishe.

Mgonjwa naye ana la kueleza: kama ana kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo, kama ana mimba, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Mimba haizuii matibabu ya meno, ingawa wengi huambiwa hivyo mitaani. Na vidonge vya kuua bakteria vinavyonunuliwa dukani haviondoi chanzo cha jino bovu, hata maumivu yakitulia kwa wiki moja. Uvimbe unaoshuka chini ya taya, ukiandamana na homa au shida ya kumeza na kupumua, ni dharura ya hospitali usiku huo huo.

Madaktari wa meno pamoja na maafisa wa afya ya kinywa katika jamii husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Mgonjwa anaruhusiwa kuuliza leseni ya mwaka huu kabla ya kuketi, na kuuliza bei kabla ya sindano ya ganzi.