Talanta Ilikuwa Pesa

Muulize kijana yeyote wa Nairobi talanta ni nini. Atakuambia ni kuimba, kucheza boli, kuchora, kuchekesha watu. Serikali yenyewe ina mpango uitwao Talanta Hela, yaani chukua kipaji chako ukigeuze pesa. Jina hilo linachekesha kidogo ukijua historia yake, kwa sababu talanta ilikuwa hela tangu mwanzo. Kilichokuja baadaye ni kipaji.

Neno lenyewe ni la Kigiriki, talanton. Lilimaanisha mizani, kisha uzito, kisha fedha ya uzito huo. Zama za Yesu, talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Dinari moja ndiyo malipo ya kibarua kwa kutwa nzima katika ule mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Piga hesabu: ukitoa Sabato na sikukuu, talanta ni jasho la miaka 20 hivi. Tuseme mtu wa mjengo leo anapata shilingi 700 kwa siku. Talanta moja ni milioni 4.2. Maana ya kipaji ilikomaa Ulaya mwishoni mwa Zama za Kati, watu walipokuwa wakiufasiri mfano wa Mathayo 25. Sisi tumeipokea ikiwa tayari imepikwa.

Mfano wenyewe unaujua. Bwana anasafiri, anawaachia watumwa watatu talanta tano, mbili na moja. Wawili wa kwanza wanazalisha maradufu. Wa tatu anaifukia chini, kisha anairudisha nzima, haijapungua hata senti. Anaitwa mvivu, ananyang'anywa, anatupwa nje gizani. Na mahubiri yetu humalizika hapo: jitume, usifukie talanta yako, la sivyo umaskini ni shauri yako.

Lakini nani alikuwa anasikiliza? Wengi walikuwa wakulima wadogo, wavuvi na vibarua. Walidaiwa kodi, zaka na malipo ya ardhi. Mvua ikikosa, unakopa. Ikikosa tena, shamba linaenda. Mwaka 66, uasi dhidi ya Roma ulipoanza Yerusalemu, mwanahistoria Josephus anasema waasi walichoma jengo lililohifadhi hati za madeni. Watu hawachomi hati za madeni kama madeni hayajawachoma wao kwanza.

Sasa mweke mtu kama huyo mbele ya hadithi hii. Anasikia pesa za miaka mia moja ya kazi zimezaa nyingine mia moja. Hawazi kuhusu kipaji. Anawaza: hizo zimetoka kwa nani? Anasikia bwana akilalamika kwamba pesa yake ingepelekwa kwa watoa riba, na anajua Torati ilikataza kumtoza ndugu yako riba: iko Kutoka 22, Walawi 25 na Kumbukumbu la Torati 23. Kisha anamsikia mtumwa wa tatu akimwambia bosi usoni kwamba yeye ni mtu mgumu, anavuna shamba ambalo hakulilima. Cha ajabu, bosi hakani.

Na kufukia pesa hakukuwa uzembe. Mathayo 13 ina mfano mwingine wa hazina iliyofichwa shambani, na hakuna anayeshangaa imefikaje huko. Baadaye, katika Talmudi ya Babeli, mwalimu Shmueli wa karne ya 3 anasema pesa uliyokabidhiwa haina ulinzi ila ardhini. Kwa kipimo hicho, mtumwa wa tatu ndiye mlinzi mzuri kabisa wa mali ya mwenyewe. Wasomi wawili wa Marekani, Richard Rohrbaugh mwaka 1993 na William Herzog mwaka 1994, walifuata njia hii hadi mwisho: huyu ni mtu aliyekataa kutumika kuwakamua wenzake, akalipia.

Luka anatupa ushahidi mwingine. Katika sura ya 19, bwana ni mtu wa ukoo mkubwa anayekwenda nchi ya mbali kutafuta ufalme, na raia wake wanatuma wajumbe kumpinga. Hiyo ilikuwa habari halisi. Herode Mkuu alipokufa mwaka 4 kabla ya Kristo, mwanawe Archelaus alikwenda Roma kumwomba Kaisari Augusto amthibitishe. Kabla ya kuondoka, askari wake walikuwa wameua watu wapatao 3,000 wakati wa Pasaka. Josephus anasema wajumbe 50 wa Kiyahudi walimfuata Roma kumkataa. Augusto alimpa nusu ya utawala bila cheo cha mfalme, na mwaka 6 akamfukuza hadi Vienne, katika Ufaransa ya leo. Luka anaweka mfano huu karibu na Yeriko, mji ambao Archelaus alijenga upya jumba la kifalme. Msikilizaji wa pale asingehitaji kuelezwa ni bwana wa aina gani anayerudi kutoka safari na kuamuru wapinzani wachinjwe.

Hata Wakristo wa kale walikwaruzwa na mwisho huo. Eusebius, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, anataja injili iliyoandikwa kwa herufi za Kiebrania ambamo aliyefungwa gerezani ni mtumwa aliyetapanya mali kwa makahaba na wapiga filimbi. Aliyefukia alikemewa tu.

Ama tuseme ukweli wote: Mathayo mwenyewe ameupanga mfano huu kati ya wanawali kumi na hukumu ya mataifa, na anataka tumwone bwana kama Kristo anayerudi. Makanisa mengi yamesoma hivyo tangu zamani, na usomaji huo una mizizi yake. Lakini hata huo hausemi kwamba maskini ni mtu aliyezembea na kipaji chake. Mstari unaofuata tu baada ya giza lile, Mathayo anageukia hukumu ambayo swali lake ni nani alimlisha mwenye njaa na nani alimtembelea mfungwa. Hakuna anayeulizwa faida.

Hapo ndipo jambo hili linatuhusu. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na nimehubiriwa mfano huu mara nyingi na watu wenye nia njema. Wengi wenu pia, mnaosaka kazi na kulipa mkopo wa simu kwa mkopo mwingine wa simu. Tunaambiwa tumefukia talanta. Basi ukiambiwa tena, uliza maswali ambayo mkulima wa Galilaya angeuliza: pesa ni ya nani, riba ni ngapi, na ni shamba la nani linaloenda?