Kusikiliza Ardhi ya Kivu: Kutoka Karatasi za Lwiro hadi Chipu

Historia ya vyombo vya kupimia matetemeko katika Kivu huelezwa aghalabu kama historia ya kusikia vizuri zaidi. Makala haya yanadai kuwa lililobadilika hasa ni namna ya kuchagua.

Baada ya Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi katika Afrika ya Kati (IRSAC) kuundwa mwaka 1947, Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, palikuwa makao ya uchunguzi wa matetemeko. Sismografu za enzi hizo ziliandika mstari usiokatika. Mtu ndiye aliyeketi baadaye na rula, akaamua lipi ni tetemeko na lipi ni upepo au lori lililopita. Aliyekosea leo aliweza kusahihishwa kesho, maana karatasi ilikuwapo.

Chipu ziligeuza mpangilio huo. Texas Instruments ilipoanza kuuza TMS32010 mwaka 1983, kazi ya kuchuja ishara iliwekwa katika kipande kimoja kidogo kinachoongozwa na programu. Zilizofuata zikatumia umeme mdogo zaidi na zaidi. Jambo hilo si dogo. Kituo cha mlimani hutegemea betri na paneli ya jua, navyo huvutia wezi. Kihisi cha mielekeo 3 kinachosomwa mara 100 kwa sekunde huzaa namba karibu milioni 26 kwa siku, na kuzituma zote hula umeme kuliko kuzikokotoa papo hapo. Kwa hiyo chipu ilipewa kanuni: linganisha wastani wa sekunde chache zilizopita na wastani wa muda mrefu, uwiano ukivuka kiwango, hifadhi, la sivyo, tupa.

Kanuni hiyo hulinasa tetemeko linaloanza ghafla, kama lile la Bukavu la tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9. Mtikisiko wa volkeno, kinyume chake, huweza kupanda polepole, na wastani wa muda mrefu hupanda pamoja nao, hata uwiano usivuke kamwe. Wanaisimu tutaielewa hali hiyo upesi: ni sikio linalotambua vipasuo lakini lisilosikia irabu inayorefushwa. Chipu haikuharibika, ilitii.

Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, Kituo cha Uchunguzi wa Volkeno cha Goma kilikuwa na vituo 2 tu vya kupimia vilivyofanya kazi, ilhali kutambua mahali mtikisiko unakotoka huhitaji angalau 3. Katika miaka ya 2010 mtandao wa KivuSNet ulijengwa ili kutuma ishara zote bila kukoma, na uamuzi ukarudi mikononi mwa mtu, kama Lwiro. Lakini mwishoni mwa mwaka 2020 fedha za kulipia intaneti zilikosekana, na kwa miezi kadhaa ishara hazikufika Goma. Zilirejea Aprili 2021. Tarehe 22 Mei mlima ulipasuka, na dalili zilizotangulia zilidumu chini ya saa moja.